Kadi ya 512 Iliyobeba 32: Uchambuzi wa Kisa cha Kamera Mpya Harusini

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Tanga, katika harusi ya siku mbili, na kinahusu kamera moja mpya, kadi moja ya kumbukumbu na betri mbili. Mpiga picha alikuwa mpwa wangu, kijana wa miaka 24 aliyefanya kazi nami kwa misimu mitatu akitumia kamera yangu, kisha akajikusanyia fedha akanunua ya kwake. Ninakieleza kwa idhini yake, na kwa urefu, kwa sababu makosa yote yalifanywa na mtu makini, aliyesoma sana kuhusu kamera na lenzi, lakini vifaa hivi viwili vidogo akaviacha viamuliwe na fedha iliyobaki mfukoni.

Kamera yenyewe ilikuwa Sony a6400 ya megapikseli 24, pamoja na lenzi yake ndogo ya milimita 16 hadi 50. Ndani ya boksi mlikuwa na betri moja ya aina ya NP-FW50, adapta ya umeme na waya wa kuchajia betri ikiwa ndani ya kamera. Chaja ya pembeni haikuwamo, na kadi haikuwamo. Baada ya kulipia kamera, alibakiwa na shilingi 90,000. Muuzaji wa duka moja la Dar es Salaam alimpa kadi ya gigabaiti 512 yenye lebo ya jina linalojulikana kwa shilingi 35,000, akamwongezea betri ya kampuni asiyoifahamu iliyoandikwa 2000 mAh, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kubeba, na fedha nyingine ikaenda kwenye nauli. Kijana alirudi Tanga amefurahi, kwa kuwa kwa hesabu yake kadi hiyo ingemtosha mwaka mzima bila kufuta hata picha moja.

Ijumaa jioni alipiga picha za hina nyumbani kwa akina bibi harusi, pamoja na vipande vya video. Jumamosi alasiri akaenda msikitini kwa akdi, na usiku akawa ukumbini. Kila alipobonyeza, picha ilijitokeza kwenye skrini ya kamera, safi, yenye rangi nzuri, naye akaendelea. Bibi harusi alipokuwa anakaribia mlango wa ukumbi, betri ya 2000 mAh iliyokuwa ikionyesha asilimia 38 ilizimika ghafla. Ile ya awali ilikuwa imekwisha tangu msikitini, na kwa kuwa hakuwa na chaja ya pembeni, ilimbidi aiweke ndani ya kamera, achomeke waya kwenye soketi ya nyuma ya meza ya muziki na asubiri dakika 20 huku maharusi wakiingia kwa vigelegele mbele ya macho yake.

Hilo la betri alilijua palepale. La kadi alilijua Jumapili asubuhi, aliponijia na kompyuta mkononi akaniambia, “Mjomba, picha za akdi zina majina lakini hazina kitu.” Nilikaa naye, tukafungua moja baada ya nyingine. Za hina zilikuwa kamili, hadi vidole vya somo vikichora ua kwenye kiganja cha bibi harusi vilionekana wazi. Picha ya mwisho iliyofunguka ilikuwa ya viatu vya wageni kwenye baraza la msikiti: theluthi ya juu ilikuwa viatu, na kuanzia hapo kwenda chini ilikuwa kijivu kitupu. Baada ya hiyo kulikuwa na mamia ya mafaili yenye majina sahihi, saa sahihi na ukubwa sahihi, na hakuna hata moja lililofunguka. Bwana harusi kumshika mkono walii na kutamka kwamba amekubali ni jambo la dakika chache, na halirudiwi kwa ajili ya mpiga picha.

Swali la kwanza la kijana lilikuwa kama picha zinaweza kuokolewa. Ipo programu ya bure iitwayo PhotoRec ambayo mara nyingi huokoa picha zilizofutwa kwa bahati mbaya, kwa sababu kufuta hakuondoi picha yenyewe bali huondoa kumbukumbu ya mahali ilipo, na picha hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Tuliiendesha juu ya kadi hiyo, ikarudisha picha za hina tulizokuwa nazo tayari na si nyingine. Nikahisi kwamba picha hazikufutwa, ila hazikuwahi kuandikwa.

Ili kulithibitisha hilo, tuliipima kadi kwa H2testw, programu nyingine ya bure ya kompyuta za Windows, ambayo huijaza kadi kwa mafaili ya gigabaiti moja moja, kisha huyasoma yote upya na kuangalia kama kilichoandikwa ndicho kinachosomeka. Wenye Linux au Mac hutumia F3 kwa kazi hiyohiyo. Kwa kadi hii kipimo kilichukua usiku mzima, jambo ambalo lilikuwa ishara tosha ya uzito wake katika kuandika, na asubuhi tukakuta jibu: gigabaiti 29 na ushei ni salama, zilizosalia zote zimepotea. Kwa hesabu ya viwandani hiyo ni kadi ya 32. Hapa nifafanue jambo linalowatia watu wasiwasi bure. Mtengenezaji huhesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni 1, ilhali kompyuta nyingi hugawanya kwa 1,024 mara tatu, ndiyo maana kadi halisi ya 64 husomeka kama 59.6. Upungufu huo si udanganyifu.

Udanganyifu ulikuwa mahali pengine. Ndani ya kadi mna chembe zinazohifadhi picha, na mna kidhibiti kidogo kinachoieleza kamera kadi ina ukubwa gani. Anayeghushi hununua kadi ndogo, huandika uongo ndani ya kidhibiti, kisha hubandika lebo. Kamera haina njia ya kujua. Orodha ya majina ya picha hukaa mwanzoni mwa kadi, katika eneo ambalo ni la kweli, kwa hiyo majina huendelea kuongezeka hata pale ambapo picha zenyewe zinaandikwa hewani. Na ile picha iliyokuwa ikijitokeza kwenye skrini mara tu baada ya kubonyeza haikutoka kwenye kadi, bali ilitoka kwenye kumbukumbu ya muda ya kamera. Ndiyo maana kijana aliona kila picha ya akdi kwa macho yake siku ile, na kesho yake hakukuta hata moja. Kama angebonyeza kitufe cha kurudia picha za nyuma mara moja tu alipotoka msikitini, angejua mapema, na angalau ya ukumbini yangeokoka kwa kadi ya kuazima.

Kadi hiyo niliikata vipande viwili kwa mkasi, kwa kuwa kadi ya namna ile ikitupwa nzima huokotwa na kurudi sokoni.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha kisa hiki. Hata kama kadi ile ingekuwa halisi, bado nisingemruhusu aingie nayo harusini peke yake. Mimi nilianza kazi na filamu za picha 36, na katika siku hizo kila hatua ya harusi ilikuwa na filamu zake. Filamu moja ikiingia mwanga au ikiharibiwa studio, tulipoteza picha 36 na harusi ilibaki. Kadi kubwa imeondoa kinga hiyo bila watu kutambua. a6400 ina nafasi moja tu ya kadi, kwa hiyo haiwezi kuandika nakala ya pili papo hapo kama zinavyofanya kamera zenye nafasi mbili, na kila kilichomo humo kinategemea kipande kimoja cha plastiki chenye upana wa milimita 24 na urefu wa milimita 32. Kwa hiyo ukubwa wa kadi hauchaguliwi kwa kutazama namba kubwa zaidi ambayo fedha inaweza kununua. Huchaguliwa kwa kuihesabu siku ya kazi, hatua kwa hatua, na kujiuliza uko tayari kupoteza hatua ngapi kwa mpigo mmoja.

Tuliihesabu pamoja, kwa kalamu na karatasi. Yeye hupiga kila picha kwa namna mbili, RAW, yaani picha ghafi, kwa ajili ya kusafisha baadaye na JPEG, yaani iliyobanwa, kwa ajili ya kutuma haraka. Ya kwanza huchukua megabaiti 24 hivi, ya pili 10 hivi, jumla 34. Video ya 4K katika ubora wa juu wa kamera hiyo huenda kwa megabiti 100 kwa sekunde, ambayo ukiigawa kwa 8, kwa kuwa baiti moja ni biti 8, unapata megabaiti 12.5, yaani megabaiti 750 kwa dakika na gigabaiti 45 kwa saa. Hina ya picha 300 inahitaji gigabaiti 10 na kidogo. Akdi ya picha 250 na video ya dakika 25 inahitaji kama 27. Ukumbi wa picha 700 na video ya dakika 40 unahitaji karibu 54. Harusi nzima haifiki gigabaiti 92, na hatua iliyo nzito kuliko zote inaingia katika kadi ya 64 ikabaki nafasi. Jibu likawa kadi nne za 64: moja ya hina, moja ya akdi, moja ya ukumbi na moja ya akiba.

Kuhusu kasi, namba za mbele ya kadi humchanganya mtu kwa makusudi. Ile kubwa ya 170 au 200 ni kasi ya kusoma, tena kwenye kisoma kadi maalumu cha mtengenezaji huyohuyo. Haisemi chochote kuhusu uandishi ndani ya kamera. Alama inayomhusu mpiga video ni ile ndogo ya V30, au namba 3 iliyo ndani ya herufi U, ambazo zote zinaahidi kwamba uandishi hautashuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde. Video yake inahitaji 12.5, kwa hiyo V30 inatosha na kuzidi. Muuzaji mwingine alijaribu kumuuzia kadi za kasi zaidi ziitwazo UHS-II, zenye safu mbili za pini nyuma yake na bei iliyo mara mbili au zaidi. Ni kadi nzuri, lakini a6400 ina soketi ya UHS-I, yenye safu moja, ambayo ukomo wake ni megabaiti 104 kwa sekunde, na safu ya pili ya pini ingekaa humo bila kuguswa na kitu. Nilimzuia pia asinunue kadi ndogo za simu na kuzivalisha adapta. Hufanya kazi, sibishi, lakini kila muungano wa ziada ni mahali pengine pa kulegea katikati ya shughuli, na kazi ya harusi haina nafasi ya majaribio.

Betri nazo tulizihesabu, ingawa hesabu yake ina utata zaidi. Sony yenyewe huandika kwamba NP-FW50 katika a6400 hutoa picha 410 hivi ukitumia skrini na 360 ukichungulia kwenye kitundu. Namba hizo hutokana na utaratibu wa CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani, ambapo hupigwa picha moja kila sekunde 30 na kamera huzimwa na kuwashwa baada ya kila picha 10. Harusi haiendi hivyo. Anayepiga kwa mfululizo wakati maharusi wanaingia atapata picha nyingi zaidi ya 410 kwa betri moja, na anayesubiri hotuba ya mzee huku skrini inawaka na lenzi inatafutatafuta uso atapata chache mno. Mpwa wangu alikuwa anasubiri namna hiyo, na zaidi ya hapo alikuwa ameacha Wi-Fi ya kamera ikiwa wazi ili awatumie shangazi za bwana harusi picha kwenye simu. Tulipoiweka kamera katika hali ya ndege na kumzoesha kuizima kati ya tukio na tukio, betri ileile iliyokwisha msikitini ilidumu kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyotarajia. Kwa video tuliipima wenyewe mezani, feni ikiwa imewashwa, na 4K mfululizo ilikwenda zaidi kidogo ya saa moja na nusu.

Ile betri ya 2000 mAh inastahili kuangaliwa kwa karibu. Betri halisi ya umbo lile ina 1020 mAh kwa volti 7.2, yaani wati-saa 7.3, na imejaa seli mbili zilizobanana ndani ya ganda bila nafasi ya kupoteza. Mtu anayedai kuweka karibu mara mbili ya umeme huo katika ganda lilelile anadai jambo ambalo mtengenezaji wa kamera mwenyewe angelifanya zamani kama lingewezekana. Isitoshe, betri halisi ina sakiti inayozungumza na kamera na kuieleza chaji iliyobaki. Zile za kuiga hufanya hivyo kwa kukisia, ndiyo maana ya kwake ilianguka kutoka 38 hadi sifuri bila onyo. Wiki mbili baadaye ilikuwa imevimba kiasi cha kukwaruza ukuta wa ndani wa kamera ilipotolewa. Betri ya lithiamu iliyovimba haichajiwi tena wala haitobolewi. Tuliiweka nje kwenye kopo la bati lenye mchanga mkavu, mbali na watoto, mpaka tulipopata mahali pa kuikabidhi.

Kwa kuwa betri za mtengenezaji ni ghali, na kijana alikuwa tayari ameirudishia familia malipo yake yote, sikumshurutisha anunue za asili tupu. Aliongeza moja ya asili, ili ziwe mbili, kisha mbili za kampuni nyingine inayoandika 1030 mAh kwenye betri zake. Mimi humwamini zaidi anayeandika 1030 kuliko anayeandika 2000, kwa sababu wa kwanza ameanza kwa kusema kweli. Alinunua pia chaja ya pembeni ya betri mbili kwa pamoja, na kwa maoni yangu hicho ndicho kifaa kilichobadilisha kazi yake kuliko vyote, kwa maana kuchajia ndani ya kamera huchukua saa mbili na nusu hivi, na kwa muda wote huo mtu hawezi kutoka na kamera. Kwa video ya hotuba, ambapo kamera imesimama kwenye miguu mitatu, huchomeka pawabenki kwenye tundu la waya baada ya kuwasha umeme wa USB kwenye mipangilio, na betri ya ndani hubaki karibu kama ilivyokuwa.

Mpango mpya ulijaribiwa miezi mitatu baadaye Pangani. Kadi zote nne zilikuwa zimepimwa kwa H2testw wiki moja kabla, kila moja ikichukua chini ya saa nzima, kisha zikafomatiwa ndani ya kamera yenyewe na si kwenye kompyuta. Betri zilipewa namba 1 hadi 4 kwa kalamu ya wino mzito, zikachajiwa tangu Alhamisi usiku kwa kuwa umeme wa Ijumaa hauna mdhamini, na zikabebwa ndani ya mfuko wa kitambaa kivulini badala ya kuachwa kwenye dashibodi ya gari, ambako joto la mchana hula uhai wa lithiamu haraka kuliko kazi yenyewe. Alipotoka msikitini aliketi kwenye ngazi, akarudia kutazama picha sita za mwanzo, za kati na za mwisho, akaitoa kadi ya akdi baada ya taa ya kuandikia kuzimika, akasukuma kile kiswichi cha pembeni kuifunga isiandikwe tena, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti lake. Ukumbi ulikula betri mbili na robo ya ya tatu. Kadi ya ukumbi ilibaki na gigabaiti 8, na ya akiba haikuguswa.

Tumebaki na tofauti moja ambayo hatujaimaliza. Yeye anasema kubadilisha kadi mara tatu ni kujitafutia hatari nyingine, ya kuiangusha au kuiingiza tena iliyojaa akaifomati kwa haraka, na kwa kazi za video anataka kuhamia kadi za 128. Hoja yake ina uzito, kwani nimewahi kumwona mtu akifomati kadi ya asubuhi saa 2 usiku. Tulichokubaliana kwa sasa ni kikasha chenye vyumba vinne, ambamo kadi tupu hulala lebo ikiwa juu na iliyotumika hulala pini zikiwa juu, na kwamba 128 itaruhusiwa kwa video ya jukwaani peke yake. Akdi imebaki na kadi yake.

Familia ile ya kwanza ilikusanya picha 61 kutoka kwenye simu za ndugu. Ya akdi imo moja, iliyopigwa na mjomba wa bibi harusi kutoka nyuma ya nguzo: mikono miwili imeshikana juu ya mkeka, na upande wa kushoto mpwa wangu amepiga goti, kamera ikiwa jichoni. Aliisafisha, akaichapisha kwa ukubwa wa ukuta kwa gharama yake, akaipeleka mwenyewe.